Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha usonji kabla mtoto hajazaliwa kipo? Na kikija, tukipokeeje?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua za usonji zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinazunguka jambo moja, kupima mtoto akiwa bado tumboni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua yuko kwenye wakati mgumu na wiki zinaenda.

Shikamoo Anti,
Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume ana miaka 5 na nusu, aligundulika na usonji akiwa na miaka 3. Haongei sana, akitaka kitu ananishika mkono anaupeleka mpaka kwenye hicho kitu, kama ni mlango anauweka mkono wangu juu ya kitasa halafu anasubiri. Nampenda mno sitaki mtu anielewe vibaya. Sasa nina mimba ya wiki 11 na wifi yangu kaniambia siku hizi kuna kipimo cha damu tu, wanakutoa mkononi wanajua kama mtoto ana usonji, na kwamba mama mwenye akili angepima mapema asijitwishe mzigo mara mbili. Mume wangu kanyamaza, ukimuuliza anasema wewe ndo utaamua. Mama mkwe anasema haya mambo yametoka kwetu kwa sababu mjomba wangu alikuwa mtu wa kukaa peke yake. Usiku silali. Hivi hicho kipimo kipo kweli? Na nikipima si nitakuwa nimemsaliti mwanangu aliye hai? Maana nikimwangalia najiuliza ningepima wakati wa mimba yake ningefanya nini, na jibu naliogopa.
*Mama wa Mmoja*

Marahaba mwanangu, na hongera ya ujauzito, maana katika kelele zote hizo sioni kama kuna mtu amekumbuka kukupa hongera.

Nianze na la wifi kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Kipimo cha damu kinachosema mtoto aliye tumboni ana usonji hakipo. Hakipo popote duniani, usidhani kipo kwa wenye uwezo halafu wengine tumefichwa. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye ultrasaundi, unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto mwenyewe, anavyowasiliana, anavyocheza, kama anageuka akiitwa jina lake, kama ananyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomfurahisha, na hata mtaalamu mzoefu kwa kawaida anasubiri mtoto akaribie miaka 2 ndipo aseme kwa uhakika.

Nadhani kilichomchanganya ni kile kipimo cha damu ya mama kinachofanywa kuanzia wiki ya 10, ambacho kipo na kwenye kazi yake ni kizuri. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea ndani ya damu ya mama, vingi vikitoka kwenye kondo la nyuma, na kufikia 2011 kipimo kikawa kinauzwa. Kazi yake kubwa ni kuhesabu kromosomu, yaani kinatazama kama kromosomu ya 21 imezidi, hiyo ndiyo sindromu ya Down, au ya 18, au ya 13. Usonji hauna kromosomu yake ya kuhesabu. Mwaka 2020 watafiti walitoa orodha ya jeni 102 zinazohusishwa na usonji, na hizo ni zile zenye nguvu tu, bado kuna tofauti ndogondogo maelfu ambazo kila mmoja wetu anabeba kadhaa, mimi ninazo na wifi yako anazo, ndiyo maana huwezi kutoa tone la damu ukapewa jibu la ndiyo au hapana.

Sasa kuna sehemu nataka uwe macho. Makampuni mengine yanaongeza kwenye kipimo hicho orodha ya hali adimu za vipande vya kromosomu vilivyokatika, na baadhi ya hali hizo zinaendana na usonji, kwa hiyo mtu anauziwa akidhani amepimiwa usonji. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichunguza vipimo vya hali tano za aina hii likakuta kwamba majibu yanayosema tatizo lipo yalikuwa si sahihi kwa takriban asilimia 85, na miezi michache baadaye mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo kwa umma. Watu wanashangaa inakuwaje kipimo kinachosifiwa kukosea mara chache kiwe na majibu mengi ya uongo. Chukua hali inayompata mtoto 1 kati ya 10,000, halafu chukua kipimo kinachokosea mara 1 tu katika 1,000. Ukiwapima kina mama 10,000 utampata yule mmoja wa kweli, lakini kosa dogo lile litakuletea wengine kama 10 ambao watoto wao hawana kitu. Kwa hiyo kuna wanawake 11 wamekaa kliniki wanalia, na 10 kati yao wanalia bure. Karatasi yenyewe itaandika tu "hatari kubwa". Ndiyo maana hiki kinaitwa kipimo cha kuchuja na si cha kuthibitisha, na mtu asifanye uamuzi wowote mzito juu ya mimba kwa karatasi ya kuchuja peke yake.

Cha kuthibitisha ni kuchukua chembe za kondo la nyuma, kwenye wiki ya 10 hadi 13 hivi, au kuchukua maji ya uzazi kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Vyote viwili vina hatari ndogo ya mimba kutoka, ndogo lakini ipo, muulize daktari wako kiwango cha kliniki yake. Na hata huko, wakikuta kitu, mara nyingi jibu linakuja na "labda" nyingi. Upo upungufu wa kipande kwenye kromosomu ya 16 unaojulikana sana kwa wanaofuatilia mambo haya. Unaongeza uwezekano wa usonji, hilo kweli, lakini wengi wanaoubeba hawana usonji, tena wapo wazazi waliojua kwamba wanao baada ya mtoto wao kupimwa, wameishi, wamesoma, wamezaa, hawakujua. Sasa jibu kama hilo likija wiki ya 17 unalifanyia nini? Linakueleza habari ya kipande cha DNA, na mtoto mwenyewe humo hayumo.

Kuhusu uwezekano sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Familia iliyo na mtoto mmoja mwenye usonji, uwezekano wa anayefuata kuwa nao ni karibu 1 kati ya 5, huu ni utafiti wa watoto zaidi ya 1,600 uliotoka 2024. Akiwa wa kiume unakaribia 1 kati ya 4, wa kike ni chini zaidi, kama 1 kati ya 8. Ni wa juu kuliko familia nyingine, lakini geuza upande wa pili uone, wanne kati ya watano hawana. Na hakuna daktari atakayekuambia huyu wako ni yupi.

Mama mkwe naye. Hii hadithi ya kumtafuta wa kulaumiwa ina miaka mingi na imeumiza wanawake wengi sana. Baada ya daktari wa akili za watoto Leo Kanner kuandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, walikuja wataalamu wakubwa, Bruno Bettelheim akiwa maarufu kuliko wote, wakafundisha kwamba usonji unasababishwa na mama mwenye moyo wa baridi. Kizazi kizima cha kina mama kiliambiwa hivyo na watu wenye vyeti ukutani! Mwaka 1977 ndipo utafiti wa mapacha jozi 21 ulipoonyesha wazi kwamba urithi una sehemu yake, na leo tunajua sehemu hiyo ni kubwa, inakadiriwa kufika asilimia 80. Ila kurithi hakuna maana ya upande mmoja. Tofauti hizo zinatoka kwa baba na kwa mama, na nyingine hazikuwepo kwa yeyote kati yenu, zimejitokeza mpya kwenye yai au kwenye mbegu, na hizo mpya huongezeka kadiri umri wa baba unavyopanda. Mjomba wako mwacheni apumzike.

Sasa hilo la kusaliti, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uniandikie. Kupima siyo kumsaliti mwanao. Mtu anaweza kutaka kujua ili ajipange, atafute mtaalamu wa usemi mapema, aongee na mwajiri, mume aache kunyamaza. Kujua kwa namna hiyo ni sehemu ya malezi. Na yupo anayetaka kujua ili aamue kuendelea na mimba au kutoendelea, na huyo naye simrushii jiwe, kwa sababu sheria zinatofautiana nchi na nchi na mwisho ni mwili wake na maisha yake, mimi siwezi kukaa hapa nikamwamulia. Ila nasimama kwenye jambo moja na nalisema kila nikipata nafasi: anayeamua lazima awe anajua anaamua juu ya nini. Unaogopa kufikiria ungefanya nini wakati wa mimba ya kwanza. Fikiria ungekuwa na nini mkononi wakati ule. Ungekuwa na neno moja kwenye karatasi, na neno hilo lingekuwa limejazwa na maneno ya watu kama wifi. Huyu anayeweka mkono wako juu ya kitasa akasubiri, kwenye karatasi asingekuwemo. Kwa hiyo usijihukumu kwa uamuzi ambao hukuufanya na ambao ungeufanya gizani.

Alikuwepo mwanamke msomi wa Marekani, Adrienne Asch, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mchanga na akaandika juu ya vipimo vya ujauzito mpaka alipofariki 2013. Yeye alitetea haki ya mwanamke kutoa mimba, hakuwa upande wa wanaokataza. Hoja yake ilikuwa kwamba vipimo hivi vinafanya sifa moja isimame badala ya mtu mzima, ukishaisikia hiyo sifa unaacha kutaka kujua kingine chochote. Mi naona hakuna aliyelieleza vizuri zaidi yake.

Kwa hiyo ufanye nini. Kabla hujatoa damu yoyote kaa na mume wako, na asikwepe, muulizane tukiambiwa hivi tutafanya nini, tukiambiwa vile tutafanya nini. Kama jibu lolote halitabadilisha kitu na unachotafuta ni utulivu wa moyo tu, nakwambia kwa upendo kwamba hakuna kipimo cha usonji kitakachokupa huo utulivu. Omba kuonana na mshauri wa masuala ya jeni kama hospitali yako inaye, na uulize kama mwanao wa kwanza aliwahi kupimwa jeni, maana hapo ndipo pa kuanzia, nimeeleza zaidi kwenye barua ya mwisho. Endelea na vidonge vya foliki asidi. Na kama unatumia dawa ya kifafa iitwayo valproate mwambie daktari wako leo leo, hiyo inajulikana kuongeza uwezekano wa usonji na kasoro nyingine, lakini usiiache ghafla mwenyewe, degedege kwenye ujauzito ni hatari kwenu nyote wawili. Mtoto akizaliwa usisubiri miaka 3 safari hii, muombe daktari amwangalie kwa ukaribu tangu mwaka wa kwanza na afanyiwe lile dodoso la wazazi la kuangalia dalili za usonji kwenye miezi 18 na tena miezi 24.

Na wifi umwambie mzigo unaoubeba kwa sasa ni maneno yake.

Habari Anti,
Nina miaka 24, nina usonji, niligundulika nikiwa na miaka 21 baada ya maisha yangu yote kuambiwa najifanya. Nimesoma nafanya kazi ya data niko vizuri tu nikiwa na hedifoni zangu. Kuna mradi wa utafiti umeniomba mate yangu wachukue DNA. Swali langu ni hivi, hawa watu wanaotafuta jeni za usonji wanazitafutia nini? Maana nikisoma nasikia "kuzuia" "kupunguza" najiona kama wanaongea habari ya kufuta watu kama mimi kabla hatujafika. Niwape au nisiwape?
*Nipo Hapa*

Mdogo wangu, hofu yako siyo ya kujitungia na usikubali mtu akuambie hivyo.

Angalia kilichotokea Uingereza. Agosti 2021 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walizindua mradi wa Spectrum 10K, walitaka DNA ya watu 10,000 wenye usonji pamoja na ndugu zao. Watu wenye usonji wenyewe wakainuka, wakauliza haya haya unayouliza, data itakaa kwa nani, nani ataitumia baada ya miaka 20, mbona hatukuulizwa wakati mnapanga. Watafiti wakajibu kwamba wao wenyewe wanapinga kipimo cha ujauzito cha usonji, lakini kusema unapinga ni jambo moja na kuizuia data isitumike huko mbele ni jambo jingine, na Septemba hiyo hiyo mradi ukasimamishwa. Hawakusimamishwa na serikali wala na mahakama. Ni watu kama wewe.

Na historia inawapa haki ya kuuliza. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Austria ambaye jina lake lilibebwa na watu wengi wenye usonji kwa miaka mingi, mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba alishirikiana na utawala wa Wanazi kule Vienna na alipeleka watoto kwenye kituo cha Am Spiegelgrund, mahali walipouawa watoto karibu 800. Hapo napo palikuwa na madaktari, mafaili na mihuri. Sisemi watafiti wa leo ni wale, ningekuwa nawaonea, nasema mtu aliyekulia kwenye kumbukumbu hiyo akiombwa mate yake ana haki ya kupewa majibu kwanza.

Ukitaka kuona inavyoweza kwenda bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, itazame Denmark. Mwaka 2004 walianza kumpa kila mjamzito nafasi ya kuchunguza sindromu ya Down. Hakuna aliyelazimishwa. Idadi ya watoto wanaozaliwa na hali hiyo ilishuka karibu nusu ndani ya muda mfupi, na wengi mno wanaothibitishiwa huamua kutoa mimba. Kila mama aliamua peke yake chumbani kwake, lakini ukizijumlisha zile "peke yake" unapata nchi ambayo mtoto mwenye Down anashangaza watu wakimwona, na wazazi wake wanaulizwa kwani hamkupima? Hapo ndipo mimi napopata tabu na wazo la kipimo cha usonji cha kumpa kila mjamzito. Sindromu ya Down angalau ni kitu kimoja, kromosomu moja iliyozidi. Usonji unawaweka wewe na mtoto asiyeweza kula mwenyewe chini ya neno moja, na kipimo chochote cha jeni tunachoweza kukifikiria leo hakiwezi kuwatenganisha. Kumpa mama jibu la namna hiyo na kumwambia chagua, hiyo mi naona siyo haki, kwake wala kwa mtoto, na nikiulizwa na wizara yoyote nitasema kisiwe kipimo cha kawaida cha kliniki.

Lakini na upande mwingine niuseme. Utafiti wa jeni siyo adui yako wote. Jeni ya sindromu ya Rett, hali adimu ya ubongo inayowapata zaidi wasichana, ilipatikana 1999 kwenye maabara ya Huda Zoghbi, wazazi wakajua kwa mara ya kwanza chanzo cha hali ya mabinti zao, na 2023 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza ya hali hiyo. Kifafa kinawapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, na kinaua. Hapo jeni zinaweza kusaidia watu walio hai.

Kwa hiyo kabla ya kutema mate kwenye kichupa waulize kwa maandishi: sampuli itatunzwa wapi na kwa muda gani, itagawiwa kwa makampuni au haigawiwi, nikijitoa mtaiharibu au mtaibakiza, na kwenye kamati inayoamua nani apewe data kuna watu wenye usonji wangapi wenye kura. Wakibabaika kwenye hilo la mwisho, mimi nisingewapa.

Anti mambo,
Tunatafuta mtoto kwa njia ya maabara, yaani IVF. Kliniki imetuambia kwa nyongeza wanaweza kuzipanga embrio zetu, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kwa alama za jeni, wachague yenye alama ndogo za usonji. Ni kweli wanaweza?
*Wawili Tunaongoja*

Poa kabisa, na nawaombea heri. Kwa kifupi, msilipie hiyo. Alama hizo zinajumlisha tofauti nyingi ndogondogo ambazo hata zikiunganishwa zinabashiri vibaya sana kwa mtu mmoja mmoja, na kwenu mnalinganisha embrio za baba mmoja na mama mmoja, tofauti kati yao inazidi kuwa finyu. Chama cha wataalamu wa jeni za binadamu cha Ulaya kilisema 2021 kwamba jambo hili halijathibitishwa na halifai kimaadili, na chuo cha madaktari wa jeni cha Marekani nacho 2024 kikasema lisitolewe kama huduma. Ni tofauti na familia inayojua ina hali moja mahususi yenye jeni inayojulikana, hiyo inaweza kupimwa kwenye embrio na ina maana. Waulizeni hao wa kliniki, mnapima jeni ipi? Wakijibu "nyingi kwa pamoja", mmeshapata jibu lenu.

Kwako mhariri wa safu,
Mimi ni baba mtu mzima. Kijana wangu ana miaka 19, usonji mzito, haongei neno hata moja, ana kifafa, anajing'ata mkono mpaka ana sugu, usiku mimi na mama yake tunapokezana zamu. Nasoma watu wanaandika usonji siyo tatizo ni namna tofauti ya kuwa binadamu. Waje walale kwangu usiku mmoja. Kama kipimo kingekuwepo wakati ule sioni aibu kusema ningekitaka. Sasa dada yake ana miaka 26 anaolewa na upande wa bwana harusi wameomba apimwe kwanza kama anabeba huo usonji. Nifanyeje?
*Baba Mchovu*

Mzee wangu shikamoo. Sitakubishia hata sentensi moja ya usiku wako. Desemba 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilipendekeza watu kama kijana wako watajwe kwa jina lao wenyewe, usonji mkubwa, wale wanaohitaji mtu karibu saa 24 na wasioweza kujisemea, kwa sababu waliona wazi kwamba wanapotea kwenye mazungumzo. Yule kijana wa barua ya pili na wewe hamgombani, mnaongelea maisha mawili tofauti kabisa yaliyopewa neno moja, na kosa hilo si lako wala lake.

Lakini hata kwako wewe uliyekitaka, kipimo kingekuambia nini? Hakuna jeni inayosema huyu atakaa macho usiku. Na kujing'ata huko hebu kaangaliwe upya, jino, sikio, tumbo, choo kigumu, dawa ya kifafa isiyomfaa, mtu asiye na maneno maumivu yake yanatokea hivyo, na mara nyingi watu wanasema ni usonji wakaishia hapo.

Sasa la binti. Kwanza hakuna kipimo cha "kubeba usonji", wanaoliomba wanaomba kitu ambacho hakipo. Asianze kupimwa yeye, damu ya kwanza iwe ya kijana. Mtu mwenye usonji pamoja na kifafa na kutokuongea ndiye ambaye kwake uwezekano wa kupata chanzo mahususi ni mkubwa zaidi kuliko wengine. Ombeni kipimo cha kromosomu cha kina pamoja na kipimo cha Fragile X, hali ya kurithi kwenye kromosomu ya X inayoweza kuleta usonji, na kama uwezo upo, cha kusoma jeni zote. Kipimo cha kromosomu peke yake hupata chanzo kwa mtu takriban 1 kati ya 10.

Wakipata kitu, wapimwe wazazi. Kama hakipo kwako wala kwa mama yake, basi kimejitokeza kipya kwa kijana, na uwezekano wa dada yake kuwa nacho ni mdogo mno. Kama ni Fragile X hapo hadithi ni nyingine, maana mtoto wa kiume huipata kwa mama yake, na binti ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba, na hata akibeba mabadiliko ya kiwango cha kati tu ya jeni hiyo anatakiwa kujua kwa ajili yake mwenyewe kwa sababu wanawake hao wengine hedhi hukatika mapema, kwa hiyo mipango ya uzazi wanaiwahisha. Wasipopata kitu kwa kijana, na hilo linatokea mara nyingi, basi binti hana cha kupimwa.

Na kupima au kutopima ni shauri lake, ana miaka 26. Akikubali, aende na mchumba wake wakae mbele ya mshauri wa jeni wasikie wote wawili kwa masikio yao, na majibu yabaki kwenye faili lake. Wakwe wakiuliza tena waambie kwa heshima wamuulize mwenyewe.